Jinsi ya kujenga tanuri la gesi la kuchomea vyungu nyumbani, kwa pipa la lita 200

Hii ni kwa wale wenye gurudumu la kufinyangia kibarazani au chumba cha uani, kazi zimejaa shelfu, na kila ukitaka kuchoma inabidi ubebe vitu vibichi kwenye bodaboda ukamwombe mtu nafasi kwenye tanuri lake, nusu vinafika vimevunjika. Umeme ni mzuri ila tanuri la kununua bei yake si ya kitoto, alafu ukikatika katikati ya mchomo ndo basi tena. Kuni nazo kama upo mjini majirani watakuitia mwenyekiti wa mtaa kwa moshi. Gesi inabaki kuwa njia ya kati, mtungi unaujua, fundi wa kuchomelea yupo mtaani, na pipa lipo.

Tanuri kwani la nini? Wamama wa Kikisi kule Matema na Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, wanachoma wazi bila tanuri lolote na vyungu vyao vinapikiwa mpaka kesho. Ni kweli, ila moto wa wazi mara nyingi unaishia nyuzi 700 mpaka 900 hivi za Selsiasi, na ukitaka gleizi, ile ngozi ya kioo inayong'aa na kuzuia maji, mara nyingi unahitaji kupita 1,000 na kukaa pale kwa utulivu. Hapo ndipo tanuri linapoingia.

Kabla hatujaanza nikwambie kitu kimoja ambacho kitakuokolea hela: pipa ni kopo tu. Usihangaike nalo, lipige rangi usipige, halichangii chochote kwenye joto. Hela yako iende kwenye vitu vitatu, blanketi la seramiki, bana (kichomeo cha gesi) na regyuleta yake, na shelfu za ndani. Nimeona watu wamechomelea stendi nzuri yenye magurudumu na maua ya chuma alafu ndani wameweka blanketi moja jembamba na bana ya jiko la nyumbani, tanuri linafika nyuzi 700 linagoma, wanalaumu udongo.

Tunachojenga

Tanuri la kusimama, duara, moto unaingia chini pembeni, unazunguka, unapanda na kutokea tundu la juu kwenye mfuniko. Ndani linabaki na upana wa kama sentimita 47 na kimo cha 61, yani zaidi kidogo ya lita 100. Inatosha vikombe vingi tu au vyungu vitatu vinne vya saizi ya kati. Lipo jepesi, watu wawili wanalibeba. Linafaa mchomo wa kwanza, ule wa kabla ya gleizi, wa nyuzi 950 mpaka 1,000, gleizi za chini za 1,050 hivi, na raku, ule mtindo wa kukitoa chungu tanurini kikiwa bado chekundu kwa moto. Ukitaka stonwea, vile vyombo vigumu vya joto la juu, ya nyuzi 1,220 mpaka 1,280 soma vizuri sehemu ya blanketi, usikurupuke.

Vifaa

Pipa la chuma la lita 200. Tafuta lililobeba mafuta ya kula au juisi. Lililobeba petroli, thina au kemikali achana nalo hata ukipewa bure, maana mvuke unabaki kwenye mikunjo hata baada ya kuoshwa na cheche ya grinda inatosha kulilipua, mafundi wamekufa hivyo. Kama hujui historia ya pipa, usilikate.

Blanketi la seramiki, lile jeupe linalofanana na pamba wanalofungia boila na tanuri za viwandani. Unene milimita 25, uzito kilo 128 kwa mita ya ujazo, daraja la 1260. Roli la kawaida lina urefu wa mita 7.3 na upana wa sentimita 61, na kwa bahati nzuri roli moja linatosha tanuri zima. Sasa hiyo namba 1260 isikudanganye, hiyo ni mwisho kabisa, kwa kazi ya kila siku usilipeleke zaidi ya 1,100 na kitu. Anayetaka stonwea mara kwa mara anunue daraja la 1430 angalau kwa tabaka la ndani, la sivyo blanketi linasinyaa, linakuwa gumu kama biskuti na mapengo yanafunguka.

Matofali mepesi ya kuhimili moto, yale meupe unayoweza kukata kwa msumeno wa mbao, 16 hivi. Saizi ya kawaida ni milimita 230 kwa 114 kwa 64. Usichanganye na yale mazito ya rangi ya maziwa, yale yanakula joto kwanza yashibe ndo vyungu vipate.

Waya wa nikromu. Huu unaupata kwenye koili ya jiko bovu la umeme, inyooshe tu. Waya wa kufungia nondo hapana, utaisha mchomo wa kwanza.

Shelfu mbili za tanuri za kama sentimita 35 na nguzo zake. Hapa usitafute njia ya mkato. Kigae cha sakafuni kitapasuka na kuangusha mzigo wote.

Bana ya gesi ya presha ya juu, regyuleta ya kurekebisha ya bar 0 mpaka 2 yenye geji, mpira wa gesi wa presha ya juu, valvu ya kufunga haraka, na kama mfuko unaruhusu kifaa cha usalama kinachokata gesi moto ukizimika.

Kijiti cha kupimia joto cha aina ya K pamoja na kisoma joto chake. Na koni za kuchomea, vile vijiti vidogo vinavyolainika na kulala vikifika joto lake, hizi ni lazima hata kama una kisoma joto.

Vya kukukinga wewe: maski ya vumbi ya N95 au zaidi, ya kitambaa haisaidii, miwani, glovu ndefu za ngozi za mchomeleaji, na mtungi wa kuzimia moto wa poda.

Mahali pa kuliweka

Nje. Sio ndani ukafungua dirisha, sio gereji, nje kabisa au chini ya paa lililo wazi pande zote. Gesi ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, unasikia kichwa kinauma unadhani ni uchovu, na wengi hawaamki. Paa liwe juu sana, kama ni la makuti sahau kabisa, la bati liwe angalau mita mbili juu ya tundu la mfuniko. Ukuta wowote uwe mbali mita moja na zaidi. Mitungi ya gesi ikae mita tatu toka kwenye tanuri, upande ambao upepo unatoka.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini kama maji na kutuama kwenye shimo, mtaro au chemba ya choo. Kwa hiyo usiweke mtungi karibu na chemba, na uwanja uwe tambarare. Pwani upepo wa mchana unasumbua sana bana, weka kizuizi cha bati upande mmoja ila usilizungushie tanuri likose hewa.

Hatua ya kwanza, kukata pipa

Lijaze maji hata kama lilikuwa la mafuta ya kula, toboa na kata kuanzia juu ukiacha maji yapungue. Pipa lina kimo cha karibu sentimita 88. Pima sentimita 69 kutoka chini, kata kuzunguka. Kile kipande cha juu kipunguze kibaki na ukingo wa sentimita 7, ndo mfuniko wako, bati lake la juu lipo tayari.

Kwa nini 69? Sakafu ya ndani itakula sentimita 9 hivi, blanketi lina 61, jumla 70, kwa hiyo blanketi litachungulia sentimita moja juu ya chuma, na mfuniko ukilala unaliminya lile blanketi badala ya chuma kugusana na chuma. Hiyo ndo gasketi yako, hakuna kingine cha kununua.

Sasa matundu. La bana liwe na kipenyo cha sentimita 9, katikati yake iwe sentimita 15 kutoka chini ya pipa. Lisielekee katikati ya tanuri, lielekee pembeni ili moto ulambe ukuta na kuzunguka. Ukilielekeza katikati moto unapiga kitu kimoja tu, chungu cha upande ule kinapasuka na cha upande wa pili kinabaki kibichi. La kuchungulia sentimita 3, katikati ya kimo, mahali utakapoweza kuona koni. La kijiti cha joto sentimita moja, juu kidogo ya lile. Kwenye mfuniko katikati kata duara la sentimita 12.

Choma rangi ya pipa kwa moto wa kuni siku moja kabla ya kulivalisha blanketi, uwanjani, maana ukiiacha itakutolea moshi mchafu kwa michomo kadhaa. Stendi ni engo laini za inchi moja na nusu, kimo cha sentimita 40, au kama hutaki gharama panga bloku za simenti. Simple.

Hatua ya pili, kulivalisha

Vaa maski sasa hivi, kabla hujafungua roli. Nyuzinyuzi za blanketi hili shirika la utafiti wa saratani la dunia, IARC, limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na pia linawasha mwili vibaya mno. Mikono mirefu, watoto mbali, kata kwa kisu kikali usichane kwa mkono, ukimaliza mwagia maji mabaki kabla ya kufagia. Nguo zake zifuliwe peke yake.

Sakafu kwanza. Duara moja la blanketi chini, juu yake matofali mepesi yaliyolazwa, yakate yafuate mviringo. Yanaingia kama 10 hivi. Usitie simenti, simenti ya kawaida inavunjika ikipata joto hilo. Mianya ijaze uji wa kaolini, ule udongo mweupe unaohimili moto, na unga wa tofali lenyewe. Kaolini kwa Dar inatoka Pugu, nzuri tu.

Kuta. Tabaka la kwanza urefu wake ni sentimita 179 hivi, la pili 163. Ongeza sentimita mbili kwenye kila moja ili liingie kwa kujikaza. Maungio ya matabaka mawili yasikutane sehemu moja, la kwanza likiungia kaskazini la pili liungie kusini. Mfuniko unapewa matabaka matatu ya duara. Ukijumlisha yote unatumia karibu mita 5.8, inayobaki tunza, utaihitaji kuziba na kukarabati.

Kulishikilia blanketi unahitaji vifungo vya udongo. Finyanga vidonge vya upana wa sentimita 4 kwa udongo uliochanganywa na unga wa vigae vya chungu, toboa matundu mawili kama kifungo cha shati, vichome kwenye tanuri la rafiki au hata moto wa wazi. Waya wa nikromu unapita kwenye kifungo, blanketi, hadi nje ya pipa kupitia vitundu vya drili, unausokota nje. Kuta vifungo 12 kwa mistari miwili, mfuniko 7. Usikaze sana mpaka blanketi libonyee, sehemu iliyobonyea ndo joto linapotorokea. Pale waya unapoonekana ndani pakaa uji mzito wa kaolini.

Kata matundu kwenye blanketi ukifuata ya chuma, lakini la bana lifanye pana kidogo kwa ndani, kama faneli. Mwisho pakaa uso wote wa ndani maji ya kaolini mepesi, kwa kunyunyizia, mara mbili au tatu ukiacha pakauke kila mara. Ukipaka zito litabanduka kama rangi mbaya na kudondokea kwenye gleizi yako. Ukipata silika ya maji ile ya kugandishia blanketi, bora zaidi, tumia hiyo.

Hatua ya tatu, bana

Regyuleta ya jikoni nyumbani inatoa presha ndogo sana, karibu milibar 30, kwa tanuri haifai. Unahitaji ile ya presha ya juu wanayotumia migahawani na mafundi wa paa za lami.

Ushauri wangu ni kununua bana ya venturi, ile inayovuta hewa yenyewe kwa kasi ya gesi, iliyotengenezwa, ya kilowati 15 mpaka 20. Ile tochi kubwa ya kuchomea lami inafanya kazi kwa raku, inapiga kelele ila inafanya kazi, tatizo lake ni kwamba kwa moto mdogo wa masaa ya mwanzo inazimikazimika.

Mwenye mikono na aliyezoea kazi za gesi anaweza kuunda. Bomba la inchi moja na robo, urefu sentimita 28 hivi, nyuma yake ridyusa ya inchi mbili na nusu kwenda moja na robo kama mdomo wa tarumbeta, na katikati ya mdomo huo kabisa jeti yenye tundu la milimita moja ikilenga katikati ya bomba. Kitoboo cha mashine ya kuchomelea ya MIG, kile kincha cha shaba ambacho waya unapitia, ni jeti nzuri na bei ya kutupwa, ila zingatia kwamba kilichoandikwa 0.8 tundu lake ni kubwa zaidi kidogo ya hapo, kwa hiyo ndo kinachokaribia milimita moja. Jeti ya tundu hilo kwa presha ya bar 1 inapitisha kama kilo 1.3 za gesi kwa saa, ambayo ni karibu kilowati 17, tanuri hili halihitaji zaidi. Jeti isipokuwa katikati na kunyooka, hewa haivutwi sawa na moto unakuwa wa njano upande mmoja.

Kitu kingine, mabomba mengi madukani ni GI yaliyopakwa zinki. Zinki ikipata joto inatoa mvuke unaoleta homa na kifua. Ulizia bomba jeusi. Fitingi ziwe za shaba, thredi tepu iwe ya gesi, mpira ufungwe kwa klipu mbili kila upande, na valvu ya kufunga haraka iwe mahali unapoifikia bila kupita mbele ya tanuri.

Bana isiingie ndani ya tundu. Mdomo wake uishie usawa wa chuma cha nje, ule mwanya unaobaki kuzunguka ndo unaoingiza hewa ya ziada.

Kwa ndugu zetu wa Nairobi, Mbeya na kwingine kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa kule ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko pwani. Bana ileile inayowaka bluu Tanga itawaka njano kule. Punguza jeti iwe 0.9 au punguza presha.

Mitungi

Mtungi mdogo wa kilo 6 usahau. Kinachosumbua sio kwisha, ni baridi. Gesi ikitoka haraka, ile ya maji ndani inachukua joto kutoka kwenye chuma ili igeuke mvuke, mtungi unapoa, unatoa jasho, unaganda barafu kwa nje, presha inashuka na tanuri linakwama nyuzi 900 ukiwa hujui kwa nini. Dawa ni kuunganisha mitungi miwili ya kilo 15, Kenya ile ya 13, kwa kiungo cha umbo la T chenye valvu za kuzuia gesi kurudi, ili kila mmoja utoe nusu. Au mmoja mkubwa wa kilo 38 au 50. Unaweza pia kuusimamisha mtungi kwenye beseni la maji ya kawaida. Maji ya kawaida nasema, asitokee mtu akaweka mkaa chini ya mtungi au kuumwagia maji ya moto. Mtungi unasimama wima siku zote, ukiulaza gesi inatoka ya maji.

Kabla ya kila mchomo pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo gesi ikiwa imefunguliwa na bana imefungwa. Povu likivimba, hakuna kuwasha. Kupima kwa kiberiti ni ujinga.

Kuwasha

Hii fuata neno kwa neno. Mfuniko uachie wazi kidogo, tundu la juu wazi. Washa karatasi iliyosokotwa au tochi ndogo ya moto, iweke mbele ya mdomo wa bana, ALAFU ndo fungua gesi taratibu. Moto kwanza gesi baadaye. Kichwa chako kisiwe juu ya tundu wala mbele ya kitundu cha kuchungulia. Ukishindwa kuwaka sekunde chache, funga, fungua mfuniko, subiri dakika tano, gesi iliyotuama itoke. Ukisikia bana inafanya "puh" na moto umerudi ndani ya bomba, funga, presha ilikuwa ndogo mno.

Kama hukuweka kile kifaa cha kukata gesi, basi huondoki pale. Hata kwenda msalani unamweka mtu. Nguo za pamba sio nailoni, kitenge kilichoning'inia kifunge, nywele nyuma.

Mara ya kwanza choma tupu. Panda polepole mpaka 300, kuna gundi kwenye blanketi itaungua na kunuka, kaa upande wa upepo unakotoka, alafu endelea hadi 1,000 na uzime.

Mchomo wenyewe

Simamisha vipande vitatu vya tofali vya sentimita 11 sakafuni, juu yake shelfu ya kwanza. Moto unapita chini yake na kupanda kwenye ule mwanya wa sentimita 6 kuzunguka, kwa hiyo usitumie shelfu pana kuliko 35 hata kama ipo, utaziba njia. Shelfu zipakwe kaolini na alumina nusu kwa nusu ili gleizi ikidondoka isigande. Mchomo wa kwanza vyungu vinaweza kugusana na kupandana, wa gleizi kila kimoja kisimame mbali na mwenzake.

Masaa mawili ya mwanzo ni moto mdogo kabisa, chini ya nyuzi 100, mfuniko umeinuliwa kidogo. Maji yaliyomo kwenye udongo yakigeuka mvuke haraka chungu kinalipuka, na kikilipuka kimoja kinavunja vitano. Shika kioo baridi juu ya tundu, kikifanya ukungu bado kuna maji. Kazi nene, ipashe usiku mzima au iache kwanza ikauke wiki nyingine. Toka 100 mpaka 600 panda nyuzi 80 mpaka 100 kwa saa, na usikimbie pale 573, kwenye joto hilo kwatzi iliyo ndani ya udongo inatanuka ghafla. Baada ya 600 unaweza kwenda 150 kwa saa. Kati ya 700 na 900 hewa iwe nyingi, hapo mabaki ya majani na mizizi ndani ya udongo yanaungua, ukiyafungia yanabaki meusi katikati na baadaye yanatoa mapovu kwenye gleizi.

Sasa tufike pale wengi wanapokwama. Tanuri limefika 950, halipandi tena. Mtu anafanya nini? Anaongeza gesi. Joto linashuka! Anaongeza tena, moto unatoka juu kwenye mfuniko mrefu kama mkono, wa rangi ya chungwa, unapendeza kwenye picha, na gesi yote inaungua nje ya tanuri badala ya ndani. Gesi bila hewa haina joto. Ukikwama punguza gesi kidogo, au sogeza kipande cha shelfu kilicho juu ya tundu la mfuniko ufungue zaidi, subiri dakika kumi, soma namba. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Unachotafuta ni ulimi mdogo wa moto wa sentimita chache unaochezacheza juu ya tundu, na kwenye kitundu cha kuchungulia moto usukume kidogo tu kuja nje. Kama hakuna ulimi kabisa na unasikia hewa inavutwa ndani, umefungua mno na unapasha anga. Funga kidogo. Ukishakaa na tanuri lako michomo mitatu minne utaanza kulijua kwa sauti, bana yenye mchanganyiko sawa ina mngurumo mmoja uliotulia.

Wanaotaka rangi nyekundu ya shaba au ule udongo wa madoadoa ya chuma, huo moto wenye hewa pungufu ndo wanaoutafuta, lakini kwa makusudi, kuanzia 900 hivi na kwa kipimo, ulimi wa sentimita 15, na wewe ukae mbali na moshi wake.

Kisoma joto kinakwambia hewa ya sehemu moja tu ina joto gani. Koni inakwambia udongo umepata kazi kiasi gani, joto pamoja na muda. Koni 06 inalala karibu 1,000, 04 karibu 1,060, na 6 karibu 1,220. Weka moja juu moja chini. Ziangalie kupitia kitundu ukiwa na miwani ya kuchomelea ya kivuli namba 3 mpaka 5, jicho tupu linaumia polepole bila wewe kujua. Ya chini ikilala kabla ya juu, tulia, punguza gesi kidogo, kaa joto hilohilo dakika 20 au 30 mpaka zikaribiane.

Na udongo mwekundu wa kuchimba mtoni au shambani usiupeleke popote kabla ya kuujaribu. Mwingi unaishia 1,050, ukifika 1,150 unavimba au unayeyuka na kuharibu shelfu. Weka kipande kidogo kwenye kisahani cha udongo unaoujua, uone.

Kwa mchomo wa kwanza hesabu kilo 5 mpaka 8 za gesi kwa masaa tisa mpaka kumi na moja, inategemea mzigo na ulivyoweka hewa. Pima mtungi kwa mizani kabla na baada, hapo utajua kikombe kimoja kinakula shilingi ngapi, na bei yako ya kuuzia itaacha kuwa ya kubahatisha.

Kuzima na kupoza

Funga gesi kwenye mtungi kwanza, iliyobaki kwenye mpira iungue, alafu bana. Ziba tundu la bana na la juu kwa mabaki ya blanketi. Tanuri la blanketi linapoa haraka mno, sio kama la matofali, na ndo udhaifu wake, sahani pana zinapasuka zikipoa mbio. Kwa kazi kubwa acha moto mdogo sana kuanzia 700 kushuka 500. Usifungue juu ya nyuzi 150. Najua unatamani kuchungulia, wote tunatamani.

Kila baada ya michomo michache kagua ndani kwa tochi ukiwa na maski. Blanketi likishapigwa joto zaidi ya 1,000 mara nyingi, sehemu yake inageuka kristobalaiti, vumbi la silika ambalo ni baya kwa mapafu kuliko blanketi jipya, kwa hiyo ukitoa kipande cha zamani kiloweshe kwanza, tia kwenye mfuko, funga. Mianya ijaze vipande vya blanketi vilivyochovywa kwenye kaolini. Waya wa nikromu uliokuwa mwembamba badilisha. Mpira wa gesi ukiukunja ukaona nyufa ndogondogo, usifunge tepu, nunua mwingine.